Kamba ya Katani

Mjomba Mishaeli Wepukhulu hakugusa mpira Jumamosi.
Timu ya Mbale ilimlaani, ikamrudia, ikamlaani tena:
winga wa kushoto, guu kama panga la kufyekea migomba,
na siku ya fainali yuko kilimani Nangolo,
kanzu nyeupe, zaburi kwa Kiganda,
makelele ya uwanja yakimpandia na upepo.
"Mmefungwa ngapi?" aliuliza, nyota tatu zikishatoka.

Kisha watu wa Keya wakaja na mizani
na utepe wa kupimia vifua.

Burma hakuna Sabato. Kuna tope,
kuna ruba wanaoingia viatuni bila hodi,
kuna sajini asiyejua leo ni siku gani.
Mjomba alibeba bunduki Ijumaa, akaibeba Jumamosi,
na kila Jumapili alfajiri akapiga fundo moja
kwenye kamba ya katani: deni la siku aliyoivunja.
Jumamosi yenyewe hakulipiga.
Kufunga fundo ni kazi, alisema,
na Sabato hairuhusu kazi.
Wenzake, bunduki begani, walicheka hadi wakakohoa.

Mafundo sitini na nane.

Alirudi na vidole viwili pungufu, mguu uleule wa kushoto.
Kila Jumapili, kahawa ikianikwa,
alikaa kizingitini akilegeza fundo moja kwa meno,
polepole, kama anayelipa kodi kwa senti.
Sisi watoto tulihesabu naye.
Tulipofika sitini na saba
akaikunja kamba, akaitia mfukoni.

"Na hilo?"

Hilo ni la kambi ya kando ya mto, akasema.
Mvua ilikatika. Okwir, mtu wa Lango aliyetulindia lango,
alisokota matambara, akayakaza kwa waya wa simu,
akaniambia: Myahudi, moja tu,
nikione hicho wanachokisifia Mbale.
Nikatazama juu. Jua la Jumamosi, halina haya.
Nikavua viatu.

Nilimfunga matatu.
La tatu lilimlaza kifudifudi matopeni
na akabaki hapo hapo, mabega yanatikisika,
nikadhani ameumia, kumbe anacheka.
Jumatatu tulimfunika kwa turubai.
Mpira ulikuwa bado mkobani mwake, mbichi.

Mjomba alinyamaza mpaka kuku wakaingia ndani.

"Yale mengine nimetubu," akasema.
"Hili, kila nikilitia meno, nacheka.
Na mtu hatubu huku anacheka."