Ufunguo wa Kabati

Mara ya kwanza nilihesabu kaimati.
Nilizilaza kumi na moja, zikaamka kumi na moja,
na kimashine kikasoma kumi na moja nukta nane
kwenye kidole cha Msellem.
Basi ni halwa, nikamwambia.
Akaapa. Nikamnusa ndevu.

Usiku wa pili nilifunga kabati,
ufunguo nikaufundika pindoni mwa leso.
Alikula mbaazi vijiko vitatu, changu wa kuchoma, maji.
Alfajiri: kumi na mbili kamili.
"Mzee mzima, wanyatia sukari kama sisimizi!"
Hakujibu. Maneno yalimkata maini.

Usiku wa tatu sikulala.
Majengo nzima kimya, ila paka wawili
wakidaiana juu ya mabati.
Nilimtazama akipumua tu.
Hakuinuka hata kwenda msalani.
Adhana. Kidole. Tone la damu.
Kumi na moja na ushei.

Muuguzi Mghoi alicheka, lakini si kwa kejeli.
"Mama, ulikuwa ukilinda mlango.
Mwenyewe yumo ndani, kuliani, chini ya mbavu."

Ini, alisema, halina usiku.
Ubongo hata ukiota hudai sukari,
na akiba ya jana ikipungua
ini halingoji duka lifunguliwe:
mafuta huyatoza gliseroli,
huokota asidi iliyoachwa na misuli kazini,
hata protini za nyama yako huzivunjavunja,
likafinyanga sukari pasipo muwa wala wali.
Mwenye afya, insulini humwambia ini: yatosha.
La Msellem halisikii.
Lapika tu, kama jiko la arusi
ambayo wageni wameshaondoka.

Zamani bandarini Kilindini
alibeba magunia ya sukari begani,
akirudi jioni shati lanata mgongoni,
na hakuwahi kuniletea hata chembe.
"Si yangu," akisema.
Jana nikimsugua mgongo nililiona bega lile,
limenywea, ngozi yacheza juu ya mfupa.
Nikasita na dodoki mkononi.
Chembe kwa chembe
linageuka kuwa ule mzigo.

Nimefundua leso.
Ufunguo nimeuweka mezani, kando ya sindano yake.
Kuomba radhi sikujui vizuri,
nikamwita kama siku zile za fungate:
ini langu.

Akageuza shingo polepole.
"Lipi?"