Kibao cha Namba

Mimi nilivuka Manyovu kwa karatasi moja,
ikagongwa muhuri, nikawa nimefika.
Gari lilitakiwa karatasi kumi na moja
na hata hivyo likabaki mgeni.

Miaka kumi na minne nilishona sare za shule Buyenzi, Bujumbura.
Nilirudi na cherehani mbili, godoro,
mtoto anayeota kwa Kirundi,
na Probox nyeupe yenye kovu ubavuni
niliyoinunua noti juu ya noti
kwa fundi redio aitwaye Nduwimana.
Nikadhani narudi nyumbani na vitu vyangu.
Nikaambiwa: hapana mama, unaingiza bidhaa.

Kijana wa forodha alikuwa na adabu.
Hilo ndilo lililoniuma.
Angefoka, ningefoka.
Alinivutia kiti, akanigeuzia kioo cha kompyuta,
nikaona jina langu, Merisiana Ntibashigwa,
limeandikwa sawasawa, herufi zote,
na chini yake tarakimu zinateremka
kama ngazi za bandarini.

Ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa.
Kodi ya ongezeko la thamani.
Nikamuuliza, thamani ipi iliyoongezeka?
Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani.
Kisha ada ya uchakavu,
kwa kuwa gari limezeeka.
Kwa hiyo nalilipia kwa kuwa lina thamani
na nalilipia tena kwa kuwa halina?
Akacheka kidogo. Mama, mfumo ndio unaokokotoa.
Nikatoa stakabadhi ya Nduwimana.
Mfumo haumjui Nduwimana.
Una bei yake wenyewe,
ya gari lingine, lisilowahi kupanda mlima wa Kalinzi.

Kwetu Gungu hesabu kubwa tunaifanya kwa mawese.
Dada yangu Astela akachukua mkaa, akaandika ukutani:
dumu mia na kumi na mbili.
Tukazitazama.
Akasema, kwa dumu hizo ungeoga mpaka uzeeke.

Likakaa uani miezi saba.
Kuku akataga kwenye kiti cha dereva.
Majirani wakalibatiza Mkimbizi.
Mkimbizi kaamkaje? waliniuliza nikienda kisimani,
nami nikajibu, mzima, hajapata makaratasi.
Mwanangu yeye alibadilika bure.
Kufika Machi alishajua kutukana kwa Kiha.

Niliuza cherehani moja, ile ya umeme.
Astela akaweka rehani chikichi za Simbo,
za msimu ule tu, shamba hakuligusa.
Kikoba cha akina mama wa Mwanga kikanikopesha
kwa sharti niwabebee mizigo ya mnadani
bila nauli, hadi Pasaka.
Nikapewa namba ya malipo ndefu,
nikaibonyeza kwenye simu, midomo ikitembea
kama mtu aliye katikati ya rozari.
Salio lililobaki lingenunua vitumbua vinne.
Nilinunua vinne.

Kibao kipya kikaja, cha manjano.
Fundi akakiweka, matundu hayakulingana,
akatoboa mengine pembeni ya yale ya zamani.
Bado yanaonekana ukichuchumaa.
Asubuhi ile nililiendesha hadi Ujiji na kurudi,
sina shida Ujiji,
nilitaka tu trafiki anisimamishe.
Walikuwepo watatu.
Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Vibao vya kwanza vilitakiwa virudishwe.
Cha mbele nilikirudisha.
Cha nyuma nilisema kimedondoka Kalinzi, njiani.
Kipo jikoni, kinafunika ndoo ya mawese,
herufi zake zimekunywa mafuta, zimekuwa nyekundu.
Mwanangu akienda kuchota hukisoma kwanza, kwa sauti,
herufi na tarakimu, kwa lafudhi ya kule,
taratibu,
kama anamwita jirani tuliyemwacha.