Meno Kumi na Manane

Muuzaji wa Barabara ya Nane aliniinamishia baiskeli ya buluu
kama anayemwonyesha mposaji binti wa jirani:
"Dada, hii ina gia ishirini na moja."
Nikacheka. Ngamiani nayo ni barabara za kuhesabu,
kila moja ningeipa gia yake,
ya Kwanza kwa ya kwanza, ya Pili kwa ya pili,
nifike kwangu ya Kumi na Saba
kidole gumba kimevimba
na gia nne zimebaki za akiba
kwa ajili ya mlima ambao Tanga haijauagiza bado.

Mimi kazi yangu kuhesabu.
Maabara ya Bombo, jicho kwenye hadubini,
chembe nyeupe, chembe nyekundu,
vimelea vya homa vilivyojikunja pete pete katika damu ya watu.
Nikiambiwa nichague kitu, nahesabu kwanza.
Bodaboda: elfu moja kwenda, elfu moja kurudi,
mvua ikinyesha elfu na mia tano,
na hadithi ya ndoa ya dereva, hiyo bure.
Siku ishirini na sita kwa mwezi.
Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya majibu
(ilikuwa imeharibika, mwenyewe anisamehe)
nikaona kila miezi mitano
namnunulia mtu baiskeli nzima
nami nabaki na vumbi kwenye mtandio.

Kaka yangu Kilua anasema baiskeli isiyo na gia
ni ya muuza mikate.
"Wewe, mtu wa koti jeupe!"
Kilua ana gari la gia tano.
Liko juu ya matofali tangu Mfunguo Nne.

Nikaenda kwa fundi Singano, Makorora.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Hakuniuliza rangi.
Alishusha fremu nyeusi kutoka darini,
akamwaga mezani magurudumu madogo ya meno,
yakalia kama sarafu za sadaka.
"Mbele nakuwekea arobaini na manne. Hapo hatubishani.
Nyuma ndiko kwenye shauri.
Kumi na sita, utakimbia. Kumi na manane, utafika.
Niambie, unachoka wapi: kwenda au kurudi?"

Nikanyamaza. Nikaiona saa kumi jioni,
shingo imekakamaa kwa kuinamia kioo,
jina la mtoto niliyemwandikia majibu mabaya
bado limeganda kidoleni kama wino.
"Kurudi," nikamwambia.
"Basi kumi na manane. Asubuhi kila mtu ni kijana.
Baiskeli hununuliwa kwa ajili ya kurudi."

Breki mbili, keria ya chuma,
madigadi yote mawili, maana nayajua masika ya hapa
yanavyomchora mtu mgongo.
Kengele nilinunua mwenyewe.
Siku ya kwanza nilipitwa na kila kitu:
wanafunzi wa Usagara, mzee na gunia lake la mkaa,
kijana anayeendesha kwa mkono mmoja, wa pili una chapati.
Siku ya kumi nikampita yule wa chapati.
Sikusema neno. Niligonga kengele, mara moja tu.

Jumapili Kilua aliiazima, dukani mara moja, alisema.
Nilimwona dirishani, alipofika penye kokoto
kidole gumba chake kikapapasa hendeli
kutafuta cha kubonyeza.
Hakuna. Kikatulia.
Alirudi baada ya saa nzima, fulana imelowa,
hakusifu, hakukashifu.
Juzi kaniuliza kama Singano ana fremu nyingine.

Saa kumi na nusu. Navuka reli, nimeinuka kidogo kwenye siti,
vitunguu nyuma kwenye keria.
Nikiacha kupiga pedeli, friwili inahesabu kwa niaba yangu,
tiki tiki tiki,
inahesabu nini sijui, siiulizi.
Ya Kumi na Mbili. Ya Kumi na Tatu, wanakaanga mihogo.
Ya Kumi na Nne, dobi kamwaga tena maji njiani.
Ya Kumi na Tano.
Gia ile ile.