Pimamaji

Kibodi ya kwanza niliyofundisha niliichora kwa chaki,
ubao mzima, kutoka dirishani hadi mlangoni,
na wanachuo wakabofya madaftari yao
wakitaja herufi kwa sauti, kama wanaosali.
Kompyuta tulikuwa nazo nne. Ufunguo wa chumba
alikuwa nao bwana mmoja aliyehamia Singida.
Sicheki. Waliofaulu mtihani ule
leo ni walimu wakuu.

Sasa ziko arobaini, na zulia, na pazia,
na tangazo mlangoni: VUA VIATU.
Humo nilimfundisha Aikande Mlay
kupanga slaidi, kupachika picha,
kuzifanya herufi ziingie zikiyumba kama bata.
Nikampa alama tisini na moja.

Jumatatu nilipanda Uru kwa bodaboda,
fomu ya tathmini nimeikunja kifuani.
Watoto sitini na saba, Darasa la Tano.
Projekta imekaa juu ya madebe mawili ya rangi,
somo: maji hutoka juu, huenda chini.
Walitazama ukuta kama watu watazamavyo moto,
wote wametulia, na hakuna aliyekuwepo.
Kwenye slaidi ya tisa mvulana wa nyuma akanyoosha kidole:
"Mwalimu, kwetu maji yanapanda."
Darasa likaangua kicheko.
Aikande akatazama saa, akanitazama mimi,
akabonyeza. Slaidi ya kumi.

Na mimi nikaandika: Matumizi ya TEHAMA, vizuri sana.
Kalamu ilisita kidogo kwenye "sana", lakini ikaandika.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Yule mtoto alisema nini?"
"Alikosea."
"Alikosea vipi?"
Akafungua kompyuta yake mpakato, akaifunga.
Slaidi thelathini na mbili, na jibu halikuwamo.

Alhamisi nilikuta darasa tupu.
Ubaoni, kwa mwandiko wake: Tuko mfongoni.
Niliteremka katikati ya migomba, viatu vikinywa tope,
hadi mahali mfongo unapoukumbatia ubavu wa kilima
na njia ya miguu, kando yake, inashuka kwa pupa;
na hapo, Mungu anisamehe na diploma yangu,
hata mimi niliona maji yanapanda.

Simu moja. Yake, kioo kimepasuka pembeni.
Ubao mmoja ulionyooka, wa kuazima kwa seremala.
Ndani ya simu, pimamaji: kiputo cha kijani
kinachotangatanga kama kifaranga.
"Ndekirwa," akasema, "maji ni ya kwenu. Pima wewe."

Mvulana akaulaza ubao ukingoni, akaweka simu juu.
Kiputo kikakimbilia nyuma, kule maji yatokako.
Hakukiamini. Akaigeuza simu, kichwa huku, miguu kule.
Kiputo kikang'ang'ania upande ule ule.
Akasogea hatua kumi, akapima. Kumi tena.
Wenzake wakimfuata, mmoja akiandika nyuzi,
mwingine akigombana na kuku wa watu.
Aikande hakusema neno.
Kimya hicho ndicho ninachotaka kukiandika,
na fomu haina nafasi yake.

Mwishoni Ndekirwa aliinuka, magoti yana matope.
"Kumbe," akasema, "yanayopanda ni macho yangu."
Safari hii hakuna aliyecheka.

Projekta: hapana. Slaidi: hapana.
Kompyuta mpakato: hapana. Spika: hapana.
Kwa hesabu ya fomu, mwalimu huyu amepata moja kwa tano.
Niliigeuza karatasi, nikaandika upande wa nyuma
hadi ilipoanza kunyesha.

Jioni, ofisini kwangu, chuo kimeshafungwa,
nilitoa simu yangu, nikaitafuta ile programu,
nikailaza mezani katikati ya madaftari.
Nyuzi tatu, kuelekea mlangoni.
Miaka kumi na moja kalamu zimebingirika na kuanguka,
na miaka kumi na moja
nimekuwa nikizigombeza kalamu.