Mshika Kamba

Akivuta mara moja: nipo salama.
Mara mbili: nilegezee.
Mara tatu: nitoe, maswali baadaye.
Ndiyo lugha yetu, Nyamizi na mimi,
kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi
pale Mirongo unapojitapika ziwani.

Nyamizi ni fundi cherehani wa Igogo.
Chini huko, anasema, maji ni uji wa ulezi,
tochi inamulika uso wake mwenyewe tu,
basi hufumba macho, hupapasa kama anayetafuta pindo:
chupa hukwepa,
kiroba hung'ang'ania,
wavu wa kokoro hukushika wewe kwanza.

Mitungi ya hewa tumeazima kwa mafundi wa vivuko.
Glavu ni za kuchomelea vyuma.
Dawa ya kichocho tunameza wote, hata mimi wa nchi kavu.
Darajani watu wanasimama, korongo nao wamepanga foleni,
na hakosi mmoja wa kuuliza:
"Jamani, nani kazama?"
Magesa, anayepanga taka kwenye mkokoteni, hainui kichwa.
"Mtaa mzima," anajibu.

Leo imepanda kandambili ya kushoto,
tairi la bodaboda,
kandambili nyingine, nayo ya kushoto,
kisha ndoo ya bluu isiyo na mkono, imeshiba tope.

Mimi ni mtoto wa Mabatini.
Kwetu mvua ndiyo ilikuwa gari la taka:
radi ya kwanza ikipiga, kila mlango ulifunguka
na mto ukapewa chakula.
Siku hiyo ndoo ilikuwa nzito, mimi nilikuwa na miaka minane,
nikaiachia yote, taka na ndoo.
Nyumbani nikasema mto umeninyang'anya.
Mama aliamini.
Au alinyamaza; kwa mama yangu
viwili hivyo vilivaa nguo moja.

Vyombo vyake vyote alivitia alama kitakoni
kwa rangi ya kucha, vistari vitatu vyekundu,
visije vikahamia kwa watu siku za shughuli.

Nikaigeuza ndoo. Nikasugua kwa kidole gumba.
Vistari viwili.
Cha tatu labda kimekwanguka,
labda hakikuwepo kamwe.
Ndoo za bluu Mwanza ni nyingi kama mawe.
Magesa akanyoosha mkono aipokee, aitupe na wenzake.
Nikamwambia ngoja.
"Ngoja nini?"
Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye haraka.

Wingu limekaa juu ya Bugando, jeusi kama sufuria ya msibani.
Upande wa Mabatini radi ikapiga,
na huko, najua, kuna mtoto anaitwa sasa hivi jina lake lote.

Kamba ikashtuka mkononi. Mara mbili.
Bado anashuka.
Nikamlegezea.