Subiri

Trei sita za mayai nyuma, mbili mbele kwenye usukani,
zimekazwa kwa mipira ya tyubu kuukuu:
mwenye mzigo huo hahitaji adui.
Nilikuwa nateremka kutoka Kilembe, saa kumi na mbili na nusu,
ukungu ungali umeukalia mto Nyamwamba,
breki ya nyuma ni breki kwa jina tu,
naye akachomoka migombani kama mdai.

Mbwa mzima sikumwona.
Niliona meno, kisha nikaona hesabu:
mayai mia mbili na arobaini,
deni la chakula cha kuku,
karo ya Muhindo, muhula wa pili.

"Subiri!"
Sauti ya mwanamke, kutoka jikoni.

Nikasubiri.
Nilikita visigino ardhini, vumbi likanipanda mpaka puani,
ndala moja ikabaki nyuma.
Na mbwa naye akasimama.
Tukatazamana, watiifu wawili,
hakuna aliyejua nani kaambiwa.

Masika akatoka na mwiko, unga wa muhogo hadi viwikoni.
"Ndilo jina lake," akasema. "Wewe ungepita tu.
Mume wangu alimwita hivyo
mwaka ule aliokuwa akingoja malipo yake ya mgodini."
Akacheka. Yai moja likacheka nalo, likapasuka,
ute ukachirizika hadi kwenye mnyororo.

Nikashuka. Nikaiweka baiskeli kati yetu kama meza.
Subiri akanusa tairi, akanusa pedali,
akanusa mguu usio na ndala, akaulamba,
na hapo nikaelewa kwamba ugomvi haukuwa na mimi.
Alichokichukia ni kile kitu kimoja
kinachokimbia bila miguu.
Mtu akishuka, anakuwa mtu tena.
Lile yai alilimaliza yeye.

Tangu siku hiyo napiga kengele mara mbili
kabla ya kona ya mikaratusi.
Anainuka. Anajinyoosha, mbele kwanza, halafu nyuma,
kama fundi anayepima ubao,
kisha anasogea majanini, ananipisha,
na kunisindikiza mpaka darajani, sikio moja juu.
Daraja havuki. Ng'ambo ile ina wenyewe.

Masereka, mbeba makaa, yeye hutembea na mawe mfukoni.
Nimemwambia: shuka, Masereka, mwite jina.
Anasema gunia tatu za makaa hazishuki kumwamkia mbwa.
Basi kila asubuhi wanalipana,
jiwe kwa kelele, kelele kwa jiwe,
na hakuna anayefuta deni.

Sasa, juzi mwezi wa nane, rimu ya nyuma ilipinda.
Nikaiacha baiskeli kwa fundi Thembo, kule Kasese mjini,
lakini kengele niliifungua, nikaitia mfukoni,
maana kwa Thembo vitu vidogo huota miguu.
Nikapanda kwa miguu, jioni, trei tupu kichwani.

Subiri alikuwa amelala katikati ya njia.
Akanitazama kama mtu wa kodi.
Nikamwita jina. Akaja, akaninusa mkono,
grisi akaitambua, mwenye mkono akamtilia shaka.
Akachungulia nyuma yangu.
Akatazama chini, njia yote mpaka inapopinda,
muda mrefu,
kisha akaketi kwa kuelekea huko, mgongo kwangu.

Sikujua kama nicheke.
Miezi mitano ya mayai yaliyopasuka, mwenzangu,
kumbe rafiki yako ni chuma.

Nikatia mkono mfukoni.
Kring. Kring.

Akainuka.
Akajinyoosha, mbele kwanza, halafu nyuma,
akasogea majanini,
akaipisha baiskeli isiyokuwapo,
nami nikapita pembeni yake.