Kwa Ngaunje, Anayepokea Zamu

Funguo za ghala hizi. Filimbi hii.
Rungu lipo nyuma ya mlango,
sijawahi kulitumia ila kubangulia korosho.
Na hizi spoki nne za baiskeli usidhani ni takataka:
ndizo zilizonivusha Julai kumi na moja za Newala,
ukungu unapopanda kutoka bonde la Ruvuma
ukalala juu ya bati kama mgeni asiyeaga.

Watakucheka. Nilichekwa.
"Mzee Nantanga anafuma kama mwali!"
Waulize leo masweta ya watoto wao yametoka wapi.

Spoki kwanza. Zisugue ncha kwenye ngazi ya saruji
mpaka ukijigusa mdomo usishtuke.
Mkiani chomeka kipande cha ndala iliyokufa,
vitanzi visichungulie nje vikaanguka.

Uzi usinunue dukani, una mshahara gani wewe?
Nenda mnadani, pekua sweta za mitumba,
lakini geuza ndani, utazame ubavuni:
ukiona limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki
liache, hata likipendeza kama bibi harusi.
Litafumuka vipande vipande, hadithi ya mlevi.
Tafuta lililoungwa kwa mkono. Fumua. Zungushia uzi
mgongo wa kiti, ufue, uning'inizie jiwe,
usahau kifua cha mwenyewe wa kwanza.

Kuanza, anzia juu ya spoki mbili kwa pamoja,
kisha chomoa moja. Mimi sikuambiwa;
sweta langu la kwanza lilikuwa na shingo ya chupa.
Zamoyoni alilia likivalishwa,
akalia zaidi likivuliwa.

Donge litie ndani ya birika, uzi utokee mdomoni.
Ukiliacha chini litakwenda kuoga mchanga mwekundu,
na mchanga wa huku haurudishi rangi ya mtu.

Mikono! Ukishabeba mifuko ya salfa, nawa.
Nawa tena.
Kuna mtoto Luchingu anavaa kofia ya njano
ambayo mama yake aliagiza nyeupe.

Kuhesabu mistari usitegemee kichwa;
kichwa cha saa tisa za usiku ni gunia lililotoboka.
Weka korosho ishirini kwenye bakuli,
mstari ukiisha, moja mfukoni.
(Korosho zako, Ngaunje. Za chama zina mizani yake.)
Wala usizitafune: mara moja nilikula kwapa zima.

Kila mistari kumi, chukua uzi wa kushonea magunia,
upitishe ndani ya vitanzi vyote, ulale humo.
Ukiharibu huko juu, fumua bila hofu,
utasimama pale.

Macho ni ya lango. Kitakachotazama ni kidole gumba.
Kwa hiyo fuma mfumo wa matuta, unaosomeka gizani:
tuta, bonde, tuta, bonde,
kama unavuka shamba la muhogo peku.
Na mbwa wakibweka katikati ya mstari, malizia mstari.
Hapana. Nenda ukatazame, kazi ni kazi.
Lakini chomeka ndala kwanza.

Lile sweta la kijani kwenye msumari ni langu, nitalifuata.
Kiwiko cha kushoto kimeruka kitanzi,
tundu la kupitisha punje ya kunde.
Usije ukaliziba kwa wema wako.
Ni usiku ule simu ilipoita kutoka Ndanda,
Zamoyoni amejifungua, wote wazima,
na hii mikono, inayojua kufuma hata ikisinzia,
ikawa haijui chochote.
Tundu nililiona nikiwa mstari mmoja tu juu yake.
Nikaendelea.

Basi. Mrija wa juisi usitupe,
ukiukata pete pete utakuonyesha pa kupunguzia.
Chai imo kwenye chupa.
Birika lina kazi.